Doa la Kijani Kwenye Redio

Ndoo ya Leodegar haikuvuja, na habari hiyo ungeipata kwake mwenyewe kabla hujapewa kiti. Pale Kibaoni, mjini Ifakara, mbele ya kibanda chake cha ufundi bati, alikuwa na desturi ya kuijaza ndoo mpya maji, kuitundika kwenye boriti, kisha kumwambia mteja asimame chini yake mpaka aridhike. Watu walicheka, lakini walinunua. Mimi simlaumu kwa majivuno yake. Wapo wanaojisifu kwa vitu vinavyovuja, na hao ndio wengi.

Kazi ya redio alijifunzia vitani, huko Burma, alikobeba masanduku ya karakana ya mawasiliano. Aliwatazama mafundi wakilehemu nyaya kwa utomvu mkavu wa manjano, akaiba ujuzi kwa macho, na hatimaye wakamwachia chuma cha kulehemia ajaribu. Aliporudi Ifakara hapakuwa na redio ya kutengeneza, akarudia ndoo na vibatari. Hata ulipofika mwaka 1956, chama cha wakulima wa mpunga kikanunua redio ya betri, kikaiweka katika ofisi yake ili wanachama wasikie habari na muziki kutoka Dar es Salaam. Redio ilinyamaza baada ya miezi mitatu. Leodegar akaifungua, akaona nyaya tatu zilizochomoka, akazilehemu, na redio ikaimba. Wiki nzima hakuna aliyepita Kibaoni bila kusimuliwa.

Wiki tatu baadaye redio ilianza kukwaruza. Siku ya nne ikafa kabisa.

"Mzee Leodegar," alisema Kasmiri, katibu wa chama, aliyeileta mwenyewe ikiwa imefungwa kwenye turubai kwa sababu ya mvua. "Wanachama wamesema. Jumapili baada ya misa tutakusanyika ofisini. Ikiimba, wewe ndiye fundi wetu. Isipoimba, barabara ikikauka inapanda lori kwenda Morogoro, na wewe usiiguse tena."

"Itaimba," alisema Leodegar.

"Nakuombea. Maana wapo wanaosema fundi wa ndoo abaki na ndoo."

Maneno hayo yalimchoma. Kasmiri alipoondoka, Leodegar aliondoa betri, akafungua kifuniko cha nyuma, akainamisha taa. Pale alipolehemu palikuwa na ukungu wa kijani, umeula waya mpaka ukabaki mwembamba. Alijua mara moja alichokifanya. Utomvu wa jeshini ulikuwa umebaki chembe tu, ukamtosha kiungo kimoja. Viungo vingine viwili alivipaka dawa ile ya mafundi bati, asidi iliyopunguzwa ukali kwa kutumbukizwa vipande vya zinki. Kwenye ndoo dawa hiyo haina neno, kwa sababu ndoo mpya hujazwa maji siku ileile na kusuuzwa. Redio nani aisuuze?

Aliona aibu kali, ingawa alikuwa peke yake.

Akaanza na petroli na mswaki mkuukuu. Uchafu wa mafuta ulitoka, ukijani ukabaki. Akasugua zaidi, mpaka akakumbuka jiko la mkaa la kupashia chuma liko hatua mbili nyuma yake, linawaka. Akakiweka kikopo cha petroli nje upesi, huku akijitukana.

Siku ya Alhamisi rafiki yake Polikarpo, dereva wa lori la mpunga aliyekwama Ifakara kwa sababu ya matope, alimletea chupa ya kahawia.

"Hii nimepewa na mafundi wa magari mjini," alisema Polikarpo. "Dawa ya madoa. Inatoa grisi yote, inakauka mara moja, na haishiki moto. Mimi huwa nasafishia koti langu humohumo garini."

Haishiki moto! Leodegar aliliona neno hilo kuwa ndilo tu la kuuliza. Mvua ilikuwa inapiga, akafunga mlango na dirisha, akafungua chupa. Harufu yake ilikuwa tamu. Alipaka, akafuta, akapaka tena. Ukijani ukafifia kidogo, naye akaanza kusikia kichwa kizito na miguu inalegea. Akadhani ni njaa.

Mlango ulisukumwa. Theodosia, mkewe, aliyekuwa akifua nguo za hospitali, alisimama kizingitini na kanga imelowa mabegani. Alivuta pumzi mara moja, akaziba pua.

"Baba Viktor, toka nje! Toka!"

"Nini tena? Niko kazini."

"Toka nimesema."

Alimshika mkono akamtoa nje hadi barazani, akafungua dirisha, akaiziba chupa kwa kizibo chake. Leodegar aliketi chini, dunia inamzunguka.

"Harufu hiyo naijua," alisema Theodosia. "Unamkumbuka Kelestini, yule dobi wa Sanje? Aliletewa chupa kama hii, akawa anasafishia makoti chumbani, madirisha yamefungwa. Jioni anakunywa pombe yake kama kawaida. Hazikupita siku kumi macho yakawa manjano na mkojo ukakata. Mganga mkuu aliuliza alichokuwa anatumia, akanusa chupa, akatuita madobi wote. Alisema hii hula ini na figo, na mnywaji wa pombe humwahi zaidi. Kelestini tulimzika."

Leodegar aliitazama ile chupa. Kisha majivuno yakamrudia, maana majivuno hayafi kwa harufu. "Sawa, hiyo basi. Lakini ufundi wa redio niachie mimi. Wewe ni dobi."

"Ndiyo, mimi ni dobi!" Theodosia alisema, mikono kiunoni. "Kila siku ya Mungu natoa madoa. Damu, usaha, dawa, mafuta ya taa. Ungekuwa dobi ungekwisha fukuzwa, kwa sababu umemwaga petroli, umemwaga na hiyo sumu, na hujaliuliza doa ni la nini. Haya niambie. Ni la nini?"

Mtu aliyezoea kujibu kabla ya kuulizwa, safari hii alihesabu kwanza kwa vidole.

"Asidi na zinki," alisema.

"Zikikauka zinakuwa nini?"

"Kama chumvi hivi. Inavuta unyevu."

"Chumvi unaitoa kwa petroli? Ukizidisha chumvi kwenye kitambaa, unakiosha kwa nini?"

Leodegar aliruka. "Maji? Maji ndani ya redio? Mama Viktor, unataka nichekwe mpaka Mahenge!"

"Basi tusibishane. Tujaribu."

Leodegar alikata nyaya sita za shaba. Tatu alizilehemu kwa dawa ya bati, akasafisha mmoja kwa petroli, wa pili kwa spiriti ile ya kuwashia karabai, na wa tatu kwa mswaki na maji ya moto. Tatu nyingine alizilehemu kwa chembe za utomvu alizokwangua ndani ya kopo la jeshini, akazisafisha vilevile. Theodosia akazipanga kwenye chungu chenye kitambaa kibichi, akafunika. Kuhusu utomvu hawakuhitaji kungoja: maji yaliupita kama hayakuuona, petroli iliuacha unanata, lakini spiriti iliuyeyusha ukaenda na kitambaa.

Jumamosi asubuhi walifunua chungu. Waya wa asidi uliosafishwa kwa petroli ulikuwa wa kijani. Wa spiriti ulikuwa na madoa. Wa maji ulikuwa shaba tupu, safi.

Leodegar aliushika, akaugeuza, akausogeza kwenye mwanga. Alitafuta kasoro kwa nia mbaya kabisa, asiipate. "Umenishinda," alisema.

"Sijakushinda. Nimekufulia."

Siku hiyo walifanya kazi kama watu wa karakana moja. Jiko lilizimwa, meza ikatolewa barazani penye upepo. Leodegar alikata sehemu zilizoliwa, akaweka waya mpya, akalehemu kwa utomvu wake wa mwisho. Theodosia alileta maji ya mvua yaliyochemshwa na kupozwa, kwa sababu maji ya kisima yana chumvi yake. Hakuifua redio, msije mkamsingizia. Alilowesha ncha ya brashi tu, akapitisha palipokuwa na asidi, akafyonza kwa pamba, akarudia mara nne, huku mumewe akikinga kwa karatasi vipande visivyopenda maji. Kisha ikaja zamu ya spiriti, kidogo kidogo, kuondoa utomvu na kuyafukuza maji yaliyobaki.

"Na hii nayo si maziwa," Theodosia alionya. "Inaungua, hainywewi, na haivutwi ndani ya chumba kilichofungwa. Tofauti ni kwamba tunaijua."

Redio ilikaa wazi kwenye jua mpaka jioni. Polikarpo alipokuja kuuliza habari za chupa yake, alielezwa yote. Akasema kesho ataamkia hospitali, akapimwe.

Jumapili ofisi ya chama ilijaa, wengine wakasimama madirishani. Kasmiri aliunganisha betri. Kimya. Watu wakatazamana. Valvu, vile vitaa vya kioo ndani ya redio, huchukua muda kupata moto, lakini sekunde hizo kwa Leodegar zilikuwa kama masika mawili. Kisha kukatoka mvumo, na ndani ya mvumo magitaa, na ndani ya magitaa sauti ya mtu anaimba waziwazi kama yuko chumbani. Ofisi ikalipuka kwa shangwe.

"Hongera, fundi!" alisema Kasmiri. "Sasa tuambie, nini kiliiharibu? Unyevu?"

Jibu lilikuwa limewekwa mkononi mwake. Unyevu. Nani angebisha, Ifakara, mwezi wa Aprili? Angetikisa kichwa tu, na jina lake lingebaki halina doa. Leodegar alifungua mdomo, akalitazama jibu lile, akaona kwamba linavuja.

"Niliiharibu mimi," alisema. "Niliilehemu kama ndoo, na sikuiosha."

Kicheko kilianzia kwa wazee kikaenea mpaka madirishani. Alikingoja kiishe, shingo imesimama.

"Na tena nisikilizeni. Nilitaka kuisafisha kwa dawa iliyomuua Kelestini wa Sanje. Ningekuwa kaburini, na redio ingekuwa Morogoro. Mwenye kuiponya yuko pale nyuma anajificha. Mama Viktor, njoo mbele."

Theodosia alikataa kwa kichwa. Wanawake wakamsukuma. Alifika mbele akiwa ameinamisha uso, mikono yake ya dobi, iliyochubuliwa na sabuni, ameifumbata.

"Mimi nimeunganisha nyaya," alisema Leodegar. "Huyu ndiye aliyeuliza doa ni la nini. Bwana Kasmiri, kama unaandika fundi wa chama, andika wawili, na huyu umtangulize."

"Waambie na ulivyobisha!" alisema Theodosia, na hapo akainua uso.

Vigelegele vilipigwa mpaka muziki ukamezwa. Leodegar alikuwa amesifiwa mara nyingi maishani, na sifa nyingi kati ya hizo alizianzisha yeye. Hii hakuianzisha, wala haikuwa yake. Alisimama kando akimtazama mkewe katikati ya watu, kifua kimejaa kuliko siku zote alizopata kujisifu, akapiga makofi mpaka viganja vikamuwasha.