Filimbi Isiyotikisika

Mtaa mzima ulimwita Mama Koki, na yeye hakuwahi kukasirika, maana jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Alikuwa fundi bomba kwa miaka ishirini na sita, na nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa na koki alizozifunga kwa mkono wake mwenyewe. Kazi yake haikuvuja. Ukimwita leo kwa tatizo fulani, basi hutamwita tena kwa tatizo hilo hilo, labda jingine. Alikuwa na msemo wake kwamba kiungo kinachotikisika ni kiungo kinachojiandaa kuvuja, na mafundi wenzake waliokuwa wakiucheka msemo huo ndio hao hao waliokuwa wakiitwa mara mbili mbili.

Jumapili alasiri alikuwa mtu mwingine. Alinawa mikono mpaka viwiko, akavaa gauni, akavuka barabara kwenda kwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, na huko akapiga filimbi. Walikuwa watatu. Wifi alipiga kodiani, kile kinanda cha kupakata kinachopanuliwa na kubanwa. Jirani wa wifi, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alipiga fidla. Mama Koki alikuwa na filimbi ya bati, nyembamba, yenye matundu sita na mdomo wa plastiki nyekundu. Aliinunua miaka mitatu nyuma kwenye duka la vitu vya watoto, akajifundisha mwenyewe jioni, muda ambao mumewe kila siku alikumbuka ghafla kwamba ana jambo la kufanya nje. Saa zile mbili za Jumapili zilikuwa zake peke yake. Siku sita alipiga magoti chini ya masinki ya watu. Siku ya saba alikalia kiti chenye mto, na watu wawili wazima wakamsubiri yeye aanze.

Jumapili moja, walipomaliza wimbo wa tatu, Mwalimu aliweka fidla magotini akawa anafuta miwani yake, na mtu anayefuta miwani safi ana neno linalomkaa kooni.

"Fundi," alisema, "Jumamosi hii tunapiga kwenye ile shughuli ya maktaba. Filimbi yako iko juu. Si juu sana, lakini kila tukipiga sauti moja wote watatu, yako inatupita."

"Basi nipulize taratibu."

"Hata ukipuliza taratibu. Fidla naweza kuikaza au kuilegeza. Kodiani haibadiliki, na filimbi yako haibadiliki. Viwili visivyobadilika haviwezi kupatana."

"Hata ndoa ni hivyo hivyo," wifi alisema.

Mwalimu hakucheka. "Tafuta filimbi bora kuliko hiyo. Ukikosa, Jumamosi utakaa katikati yetu utugeuzie karatasi."

Mama Koki alimtazama wifi yake akitegemea neno la kumtetea. Wifi alikuwa anafunga mkanda wa kodiani. "Nilikwambia tangu mwaka jana, wifi," alisema bila kuinua kichwa. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Mama Koki akaitikia "sawa, Mwalimu" kwa sauti aliyozoea kuwapa wateja wanaomfundisha kazi. Lakini alipokuwa akivuka barabara kurudi kwake, machozi yalikuwa karibu. Kugeuza karatasi! Mtu yeyote mwenye vidole anaweza kugeuza karatasi. Alichokuwa anaogopa si aibu ya Jumamosi moja. Alijua vizuri mambo haya yanavyokwenda: leo unageuza karatasi, mwezi ujao unaletewa kiti cha pembeni, na mwakani unaulizwa kama bado unapenda muziki.

Jumanne alimaliza kuzibua bomba la jikoni kwenye hoteli moja ndogo, akaenda moja kwa moja kwenye duka la ala za muziki akiwa bado na mfuko wa spana begani. Duka lilikuwa ghorofani, juu ya kinyozi. Mwenye duka alikuwa mzee mwembamba mwenye aproni ya turubai, na gitaa lisilo na nyuzi lilikuwa limelala mbele yake kama mgonjwa anayesubiri daktari. Mama Koki alimweleza shida yake kwa kifupi: anataka filimbi bora kuliko aliyonayo, isiyomtoa roho kwa bei.

"Bora kwa namna gani?" mzee aliuliza.

"Isiyowapita wenzangu."

Mzee akatandika kitambaa mezani, akaweka filimbi tatu.

Ya kwanza ilikuwa imepakwa fedha, ndani ya kasha lenye bitana ya bluu. Shingoni ilikuwa na kipande cha bomba kinachoingia na kutoka ndani ya kingine. Mama Koki alikivuta, akakirudisha. "Hii inateleza," alisema.

"Ndiyo kazi yake."

Aliuliza bei. Alipoambiwa, alirudisha filimbi kwenye kasha taratibu, kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe.

Ya pili ilikuwa ya aluminiamu, nene, nzito, ya kipande kimoja kutoka mdomoni hadi mwisho. Hapo uso wa fundi ulichanua. Aliipima kiganjani. Aliigonga kwa ukucha akasikiliza. Aliielekeza dirishani akachungulia ndani kwa jicho moja, akapitisha kidole gumba juu na chini kutafuta kiungo, asikione.

"Hili sasa ndilo bomba," alisema. Akapuliza. Sauti ilitoka kubwa mno hata kule chini mashine ya kinyozi ikazimwa, na mtu akauliza kuna nini. Alipojaribu kupuliza kwa upole, filimbi ilikataa kabisa kuimba, ikabaki inahema tu.

"Hiyo ni ya uwanjani," mzee alisema. "Nyinyi mnapigia wapi?"

"Sebuleni kwa wifi yangu. Na Jumamosi maktaba."

"Maktaba," mzee alirudia, akaisogeza pembeni bila maoni zaidi.

Ya tatu haikuwa na lolote la kujivunia. Bomba jembamba la shaba, mdomo wa plastiki ya bluu, na bei iliyozidi kidogo tu ile ya filimbi yake ya zamani. Mama Koki aliishika kwenye kichwa chake, kile kipande chenye mdomo, akakizungusha. Kichwa kikazunguka. Akakivuta, kikasogea. Akaiweka chini kwa huruma.

"Hii mbovu, mzee wangu. Kichwa kinatikisika."

"Na ile yako ya zamani?"

Alikuwa nayo mfukoni pamoja na spana, akampa kwa majivuno kidogo. Mzee alijaribu kuzungusha kichwa chekundu. Hakikuzunguka. Alikishika kwa kitambaa, akakaza meno, akazungusha tena. Angeweza kuzungusha ukuta kwa urahisi zaidi.

"Nani amekifunga hiki?"

"Mimi."

"Kwa kitu gani?"

"Tepu ya mabomba, mizunguko kumi na miwili, halafu gundi ya mabomba juu yake. Ilikuja inatikisika kama hiyo ya kwako. Nilikisukuma kichwa mpaka mwisho nikakifunga siku ile ile. Miaka mitatu haijavuja hata tone la hewa."

Mzee alivua miwani, akaiweka mezani. Alicheka bila sauti, mabega yakimpanda na kushuka, mpaka ikambidi ashike meza.

"Mama," alisema alipopata pumzi, "kichwa kinatikisika makusudi. Ukikivuta nje kidogo, filimbi inarefuka na sauti inashuka. Ukikisukuma ndani, inapanda. Hivyo ndivyo unavyoilinganisha na wenzako. Wewe umekisukuma mpaka mwisho, ukakiziba. Umeifunga juu. Hata ingekuwa ya dhahabu, ingewapita tu."

Mama Koki akahisi joto likimpanda kutoka shingoni. Kila Jumapili kwa miaka mitatu alimwona Mwalimu akizungusha vigingi vya fidla, kidogo huku, kidogo kule, sikio limeelekea kwenye kodiani, na yeye akakaa hapo akisubiri, akimwonea huruma mzee wa watu kwa kuwa na chombo kisichotulia. Wahenga walisema mganga hajigangi. Huyu alijiganga, na ndiyo ikawa balaa.

"Labda tuichovye kwenye maji ya moto," mzee alisema. "Nyingine hulegea."

"Gundi yangu mimi?" Aliuliza kama aliyetukanwa. "Hiyo haitoki." Kisha akajisikia mwenyewe alichokisema, na kicheko kikamtoka.

Lakini bado alikuwa na uchaguzi wa kufanya, na jicho lake, jicho lile la miaka ishirini na sita, lilirudi kwenye ile nene isiyo na kiungo.

"Hii ya aluminiamu, yenyewe iko sawa? Haiko juu?"

"Iko sawa kabisa, kwa chombo kilicho sawa. Kodiani ya wifi yako ni ya lini?"

"Ilikuwa ya marehemu baba yao."

"Basi imeshuka, hata kama kidogo. Zikizeeka hushuka kama sisi. Ukienda na hii iliyo sawa, mtagombana vile vile. Unataka ya kumfuata yeye alipo."

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Akaichukua tena ile ya shaba, akaipuliza. Haikuhitaji pumzi nyingi. Sauti ilitoka nyembamba na safi, na hata vidole vyake vyenye sugu viliyasikia matundu vizuri kwa sababu shaba yenyewe ilikuwa nyembamba. Alipiga nusu ya wimbo wa Jumapili, na chini kule mashine ya kinyozi iliendelea kunguruma bila wasiwasi. Ile ya fedha aliitazama mara moja ya mwisho, akajiambia mchagua nazi hupata koroma, akalipia ya shaba.

"Ikilegea sana," mzee alisema akiifunga kwenye karatasi, "weka tepu. Mzunguko mmoja."

"Mmoja?"

"Mmoja, mama. Na gundi hapana."

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za mateso. Kila alipoishika, mkono ulimwasha. Jumatano jioni alijikuta amefungua mfuko wa kazi na kidole kiko kwenye kifuniko cha gundi, na ilibidi ampe mumewe chupa ile akaifiche. Mumewe aliificha vizuri sana, hata asubuhi hakukumbuka mahali.

Alhamisi alasiri walikutana kwa wifi kwa mazoezi ya mwisho. Mwalimu alikuwa ameshapanga karatasi, na kiti cha katikati kilikuwepo, kile cha mgeuzaji. Mama Koki hakukikalia wala hakukiondoa. Alisimama.

"Wifi, nibonyezee sauti moja. Usiiachie mpaka nikwambie."

Wifi alibonyeza, kodiani ikapanuka. Mama Koki akapuliza sauti ile ile. Ilikuwa juu. Kwa mara ya kwanza alisikia kwa masikio yake mwenyewe kitu ambacho wenzake walikivumilia miaka mitatu: sauti mbili zikigombana, zikitetemeka haraka haraka hewani. Akavuta kichwa cha filimbi, upana wa uzi. Mtetemeko ukapungua mbio. Akavuta tena kidogo. Ukawa wa polepole, kama mtu anayechoka kubisha, halafu ukaisha. Hakuweza tena kujua ipi ni filimbi na ipi ni kodiani.

Wifi alisahau kuiachia ile sauti mpaka kodiani ikaishiwa upepo.

Wakapiga wimbo wote. Walipomaliza, wifi, ambaye kwa desturi hakupenda kurudia kitu, alisema warudie. Wakarudia. Akasema tena. Mara ya tatu Mwalimu alijaribu kupiga huku akigeuza karatasi mwenyewe, karibu fidla imponyoke.

"Karatasi nitazibana kwa vibanio," alisema, na akakitoa kiti kile mwenyewe akakipeleka jikoni, ambako alibaki kuchemsha chai.

Mama Koki aliwaambia ukweli, maana kama asingesema ungemwasha: kwamba filimbi ya zamani haikuwa mbovu, kwamba mbovu ulikuwa ufundi wake mzuri. Alitaja mizunguko kumi na miwili. Alitaja gundi. Kutoka jikoni Mwalimu alisikika akicheka peke yake. Wifi alicheka mpaka akafuta macho kwa ukosi wa gauni, halafu akaanza kusugua vitufe vya kodiani kwa kidole.

"Jumapili ile ulipotoka," alisema kwa sauti ya chini, "nilimwambia Mwalimu kwamba kama wewe hupigi, na mimi sipigi. Abaki na fidla yake huko maktaba."

Mama Koki alimtazama. Alifurahi, na kukasirika pia. "Siku nne sijalala vizuri, wifi. Siku nne. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeenda dukani?"

Fundi alifikiri, kwa uaminifu, kama anavyofikiri mbele ya bomba.

"Nisingeenda," alisema.