Bahari ya Safu ya Tatu

Jumatatu asubuhi Bibi Safia alikuwa akikwangua chumvi kwenye miguu ya kitanda kwa kisu cha mboga, Dorkas, mchuuzi wa mboga kutoka milimani, alipopiga hodi na kabichi zake kichwani.

"Yamejaa tena?" Dorkas aliuliza, akitazama alama ya maji ukutani.

"Jana alasiri. Nilimkumbuka kaka yangu kidogo tu, nikajisahau."

Kambi ya shamba la mkonge iko bondeni, chini ya Same, ambako mvua yenyewe hupita juu kwa juu ikienda zake milimani. Hata hivyo, hakuna aliyeshangaa. Bibi Safia akiyataja majina ya wafu wa kisiwa chao, Mwandakaya, bahari huja mlangoni kwake, chumvi tupu, na kaa wadogo wawili watatu. Akimaliza kutaja, inapwa. Majirani wa safu ya tatu ya nyumba za kambi walishazoea kuanika viatu.

Ila wiki ile alikuwa na hofu. Shirika la mkonge lilikuwa limekufa, shamba limeuzwa kwa mwekezaji, na tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ghala: karani atapita Alhamisi. Asiye na kwao kwingine atapewa kiwanja hapohapo kambini. Mwenye kwao atapewa nauli, aende. Bibi Safia aliondoka Mwandakaya ana miaka kumi na tisa, bibi harusi wa juzi, mumewe Kurwa akiwa ameandikishwa manamba kuja kukata mkonge hapa. Miaka arobaini na mitatu sasa. Huko kisiwani hakubaki wa kumjua. Kurwa mwenyewe amelala nyuma ya safu ya tatu, na sahani ya bluu imechomekwa kwenye kaburi lake kama ilivyo ada ya kwao. Kumwacha peke yake kwenye vumbi lile, hilo tu ndilo lililomnyima usingizi.

"Mpaka Alhamisi usikumbuke kitu, bibi," Dorkas alisema. "Hata samaki usimtaje, karani asije akakuta bahari ya kwenu."

"Mwanangu, unajua unachoniomba?"

Alijua. Mwandakaya, ukimtaja marehemu mmoja kwa jina lake kamili, unawataja wote mpaka wa mwisho, asibaki mtu nje. Wengine waliokuwa wakiyajua majina hayo walishakufa hapohapo kambini, mmoja mmoja. Alibaki yeye.

Basi Dorkas akamkalia siku tatu. Alimpikia makande. Alimsimulia Chome kwao, baridi yake, ndiva ya ukoo wao, lile bwawa la kumwagilia, na shangazi yake aliyefungulia maji ya shamba siku isiyo zamu yake akanuniwa mwaka mzima. Alimwimbisha nyimbo za Kilutheri, Mwislamu wa watu, naye akaimba. Jumanne ilipita kavu. Jumatano Bibi Safia alikuta gamba la chaza ndani ya sufuria, akalitupa nje bila kulitazama.

Alhamisi saa nne karani akafika, kijana mpole aitwaye Novatus, viatu vinang'aa, daftari kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Kwenu wapi?"

"Hapahapa."

"Na kabla ya hapa?"

"Kabla ya hapa nilikuwa mtoto."

Novatus alicheka, akachungulia sakafu. Ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Akaandika: kiwanja. Dorkas, aliyekuwa kizingitini akijifanya anachambua mchicha, akashusha pumzi.

"Na lile kaburi la nyuma, bibi? Tunayaorodhesha yasije yakalimwa. Marehemu jina lake kamili nani?"

"Andika Kurwa, inatosha!" Dorkas alidakia.

"Akina Kurwa wako wengi, mama. Kaburi lisilo na jina kamili, trekta linapita."

Jamani, angefanya nini? Bibi Safia alifikiria majembe ya trekta na ile sahani ya bluu. "Kurwa bin Faki bin Shomari," alisema. Na kwa kuwa hawezi mtu kuishia hapo, akaendelea. Mwanaisha binti Faki, aliyechimba kisima cha msikiti. Haji Mbwana, aliyekataa kodi ya kichwa akakaa mikokoni mwezi mzima. Watoto saba wa mwaka wa ndui, kila mmoja kwa jina lake. Maji yalianzia kwenye nyufa za sakafu, yakapanda taratibu. Novatus akavua viatu, akaviweka mezani, akaendelea kuandika. Alikuwa na mwandiko mzuri, na hakuruka mtu. Maji yalimfika magotini. Alipotajwa wa mwisho yakapwa, yakamwachia mwani kwenye suruali.

"Asante, bibi. Kaburi limeingia. Ila hapa juu itabidi nibadilishe." Alilikata neno kiwanja kwa rula, akaandika: Ana kwao. Bahari imeonekana.

"Mjukuu wangu, huko sina mtu."

"Naelewa, bibi. Lakini siwezi kuandika kwamba sikulowa."

Jumatatu lori la kampuni lilikuja kuwachukua wenye nauli kuwapeleka stendi ya Same. Bibi Safia alikaa nyuma na kigunia chake, analia waziwazi, hajifichi. Daftari lilishakwenda na karani, basi Dorkas alilishika lori ubavuni.

"Nani anafuata baada ya wale watoto saba?"

"Binti Makame."

"Halafu?"

"Ali Mzee, mshona nyavu."

"Halafu?"

Lori likaondoka. Dorkas alikimbia nalo mpaka njia panda, kanga inamdondoka, na Bibi Safia alikuwa akipaza sauti jina baada ya jina, injini ikiyameza.

Alasiri ile Dorkas alikwenda kaburini akaanza na Kurwa bin Faki bin Shomari, kwa lafudhi yake ya Kipare. Bahari ilikuja, ikafunika sahani ya bluu. Aliwataja kumi na wanane. Kisha akanyamaza, kwa sababu hakuwa na jina jingine.

Maji hayakupwa. Kampuni ilipanda mkonge wake ikiyazunguka, na mlinzi akapewa buti za mpira.