Kombe Lililopelekwa Maabara

Taib alilipeleka kombe la mamake maabara, na majibu yakatoka mabaya.

Kazi yake ni kupima maji, huko Mbaraki, kwa hiyo hakuona vibaya kuchota kikombe kimoja nyumbani. Kila Ijumaa Maalim Badi alikuja kumwandikia mamake, Bi Maisara, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi na maji ya kisima, akatia kwenye chupa: hilo ndilo kombe. Bi Maisara ana sukari. Alikunywa kombe lake kila asubuhi.

Taib alingoja Maalim awepo ndipo aseme.

"Mama, maji haya yana vijidudu vya choo. Na dawa hamna. Zafarani na waridi, basi."

Maalim Badi akaweka kikombe cha kahawa chini. "Na aya umezipima kwa chombo gani?"

"Aya hazipimiki."

"Ukimtia mtu kipimajoto kwapani, kitakwambia kama ana imani?"

"Hapana, Maalim. Lakini kitaniambia kama ana homa."

Mkewe Taib, Aqsa, akaangua kicheko huko jikoni. "Hapo umeshikwa, Maalim!"

Maalim naye akacheka. "Haya, nimeshikwa. Kisima nakiacha. Nitatumia maji ya duka."

Taib angeweza kunyamaza hapo. Alichokitaka alikuwa amekipata. Lakini alitaka chote.

"Ya duka au ya kisima, Maalim, mama anakunywa wino."

Tangu siku hiyo Bi Maisara hakuligusa kombe, na Taib akafurahi.

Asichokijua ni kwamba mamake hakuwahi kuviamini vidonge vya hospitali. Maalim Badi ndiye aliyembembeleza zamani: piga bismillahi, meza kidonge kwa kombe. Ndivyo alivyozoea. Kombe lilipoondoka, vidonge navyo vikaondoka. Hakugombana na mtu. Akipewa alipokea, akashukuru, akavificha ndani ya foronya ya mto wake wa kulalia.

Kisha ukanda wa ndara ukamchuna mguu. Kidonda kikakataa kupona, naye akakificha kwa soksi mpaka harufu ikamsema.

Hospitalini, Taib alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mbona uliviacha vidonge, mama?"

"Nilikuwa nikivimeza kwa kombe. Ukasema wino."

"Si ungeniambia?"

"Wewe uliniuliza lini, mwanangu? Ulichukua kikombe ukaenda zako."

Kipimo cha Taib hakikukosea. Maji yalikuwa machafu, na hata leo angeandika hivyo hivyo. Lakini kilichomfanya mamake ameze dawa hakikuwamo kwenye kile kikombe alichokibeba, naye alitoa hukumu kana kwamba amebeba kila kitu.

Alikwenda kwa Maalim Badi kumwomba arudi, na maji masafi akamwahidi. Maalim alimkaribisha vizuri, akampa kahawa, akakataa. Alisema hawezi kumwandikia mtu kombe huku mwanawe amesimama mlangoni anapima.

Basi hukumu ile iligharimu hivi: vidole viwili vya mguu wa kulia, vilivyokatwa. Darsa ya dini ya wanawake, ambayo Bi Maisara alikuwa akienda kwa miguu yake na sasa haendi. Maalim, ambaye haji tena. Na kila asubuhi Taib humpa mamake kidonge kwa maji masafi ya duka, akamsimamia hadi ameze, na mama humeza bila kumtazama.