Uzazi wa Fundi Pimamaji

Hili lieleweke mapema: Fundi Pimamaji hakuwahi kupata mimba hata siku moja. Alikuwa mwashi mwenye masharubu, mke mmoja na wajukuu wasiosikia la mtu. Jina la Pimamaji, kile kifaa cha waashi cha kupimia unyoofu, walimpa watani wake kwa sababu hakuweza kupita mbele ya ukuta bila kufumba jicho moja na kuutazama kama umenyooka.

Kilichompeleka ofisi za Mfuko wa Bima ya Afya ya Umma ni henia. Kubeba saruji maisha yake yote kulimwachia uvimbe karibu na kitovu, uliokuwa ukichomoza akikohoa na kurudi ndani akilala chali. Siku za karibuni ulikuwa umeanza kugoma kurudi. Daktari wa upasuaji aliubonyeza, akaguna, akamwambia kwamba utumbo ukinasa pale hakutakuwa na muda hata wa kutafuta gari. Akafanyiwe upasuaji, na bima ilipe.

Fundi hakuwa na wasiwasi. Kila michango ilipopanda, alinung'unika siku mbili kisha akalipa. Na ilipanda kweli. Ilipanda kwa ajili ya jengo jipya la Mfuko, ikapanda kwa ajili ya magari ya kuzunguka kukagua jengo, halafu ikapanda kwa semina ya kubana matumizi. Semina hiyo ilifanyika kwenye hoteli moja ya kifahari, na watu wanaapa kwamba matumizi yalibanwa kwa nguvu hivi kwamba vifungo vya mashati ya wakurugenzi vilikatika mezani.

Karani wa dirishani alibonyeza kompyuta, akasoma, akayatazama masharubu ya Fundi, akasoma tena. Kisha akashusha sauti, kama mtu anayeheshimu siri za wanawake.

"Mzee wangu, fungu lako la upasuaji la mwaka huu limekwisha. Ulijifungua kwa upasuaji. Mapacha."

Fundi akageuka nyuma kumtafuta anayeambiwa. Nyuma alikuwepo mke wake tu, naye alikuwa amemkazia macho.

"Mapacha, baba watoto," mkewe alisema, "na mimi hukuniambia hata nikuchemshie uji?"

Karani alieleza kwa upole. Kulikuwa na zahanati moja ya binafsi, yenye vitanda vinne, iliyokuwa ikizalisha kuliko miji mitatu, nayo ndiyo iliyodai malipo kwa namba ya Fundi. Hayo hayakuwa mageni kwa karani. Wiki iliyopita alimhudumia padri aliyetolewa kizazi. Kuhusu kuufuta uzazi huo, alisema hana mamlaka, akawaelekeza ghorofani kwa meneja.

Meneja aliwakaribisha vizuri, akawakalisha kwenye viti vya ngozi ambavyo mtu akikaa huzama mpaka magoti yanakaribia kidevu. Hakubisha kwamba Fundi ni mwanamume. Hilo alilikubali kwa kutazama tu. Shida, alisema, haikuwa hapo.

"Shida ni kwamba tumeshalipa, mzee. Na hapa kwetu, kilicholipiwa ndicho kilichotokea. Nikisema hukuzaa, nitaulizwa ile pesa nilimpa nani. Nikijibu hilo, kuna wakubwa watakaoulizwa pia. Sasa si bora uvumilie, mwaka mpya hauko mbali?"

Mke wa Fundi alimuuliza kama ile henia nayo inaijua kalenda. Meneja akapangusa kijasho, akasema anawaonea huruma sana, na kweli uso wake ulikuwa na huruma, ila mikono yake ilikuwa imeshaanza kukusanya karatasi za kumwonyesha mgeni kwamba muda umekwisha. Fundi alijiinua. Henia ikachomoza, na safari hii ikauma hadi akashika ukingo wa meza na jasho likamtoka. Mke wake alimtazama, na mzaha ukamkauka mdomoni. Ndipo alipoliona tangazo kubwa ukutani, nyuma ya kichwa cha meneja, lenye picha ya mama anayecheka: kujifungua kwa njia ya kawaida, bima inalipa, bila ukomo.

"Meneja, mwanangu," alisema taratibu, "huyu mama mwenzangu si ameshaonyesha kwamba uzazi anauweza? Basi muandikie azae tena. Safari hii kwa kawaida."

Kisha uso wa meneja ukang'aa kama wa mtu aliyefunguliwa kiatu kinachobana. Akapiga muhuri mwenyewe, akamsindikiza Fundi mpaka mlangoni huku akimwambia asinyanyue vitu vizito katika hali yake.

Daktari wa upasuaji hakuuliza kitu. Alimpasua, akarudisha utumbo mahali pake, akashona vizuri, akaandika kwamba mama hakupata taabu. Fundi alipozinduka alijikuta katika wodi ya wazazi, imejaa pomoni, na kila kitanda kina ndevu. Kushoto kwake alilala dereva mstaafu aliyejifungua kwa kuondolewa mtoto wa jicho. Kulia alikuwepo kinyozi, mguu juu kwa plasta, ambaye aliandikiwa watatu kwa mpigo kwa vile mfupa ulivunjika mahali patatu.

Mchana Fundi alisikia mguno mlangoni. Binti mmoja, mimba imeshuka, alikuwa ameketi kwenye benchi la korido akiuma ncha ya kanga, na mkunga amesimama mbele yake hajui la kufanya. Vitanda vimejaa. Tena asubuhi hiyo Mfuko, kwa kushtushwa na wingi wa wazazi, ulikuwa umefunga malipo ya uzazi, umepandisha michango, na kuwapeleka mameneja wote semina ya uzazi wa mpango.

Fundi alishuka kitandani polepole, mkono mmoja kwenye mshono, akajiburuta hadi korido.

"Mkunga, fungu la upasuaji la huyu binti lipo?"

"Lipo, mzee. Halijaguswa."

"Basi mpe kitanda changu, umuandike henia."

Mkunga alimtazama, akamtazama binti, akaona hakuna muda wa kutazama tena. Fundi alikaa kwenye benchi lile lile, amebana tumbo kwa mto, akisikiliza. Jua lilipokuwa linashuka, mkunga aliketi mezani, akaandika kwamba henia imetolewa salama, ni ya kike, ina kilo tatu na robo, imelia mara tu ilipotoka, na sasa inanyonya.