Kofia ya Dakika Nne

Fintan Hanrahan alivaa jezi namba mbili ya Ireland mara thelathini na moja. Mara kumi na tisa kati ya hizo mimi nilikuwa benchi, ndani ya suti ya mazoezi, nikimwombea mabaya. Sioni haya kusema. Miaka ile mchezaji wa akiba wa raga haingii mpaka daktari athibitishe kwamba mwenzake ameumia, na usipokanyaga uwanja hupewi kofia ya taifa, ile ya heshima wanayopewa waliochezea nchi, hata ukae benchi uote mizizi. Na Fintan alikuwa haumii. Waskochi walimwangukia kama magunia ya viazi, akanyanyuka anacheka.

Tulitoka klabu moja, mtaa mmoja, hapa Limerick. Mimi nilirusha mpira vizuri kuliko yeye, na kurusha ndiyo kazi ya namba mbili. Klabuni walilijua hilo wote, wateuzi ndio hawakulijua. Mama yangu mzazi alibandika picha ya Fintan jikoni, juu ya birika. Kila chai niliyokunywa nilikunywa naye.

Mechi yake ya mwisho ilikuwa Dublin. Zimebaki dakika nne, tunaongoza kwa mbali, Fintan akaanguka na kushika goti. Daktari hajamfikia, mimi nimeshavua suti.

Tukapishana kwenye mstari wa chaki, yeye ameegemea bega la daktari.

"Umeumia wapi?" nikamuuliza.

"Popote upendapo, Malachy," akaninong'oneza. "Ingia, bwana, dakika zako zinakwisha."

Nikaingia. Mpira sikuugusa hata mara moja. Jioni nikakabidhiwa kofia ya mahameli, nayo ikanikera kichwani, maana aliyenipatia ni Fintan yule yule. Lakini niirudishe? Thubutu.

Kesho yake tukashuka stesheni ya Limerick. Fintan alichechemea ili watu wasijue kwamba goti lake ni zima, tena kwa ufundi hasa. Wakampisha, wakampigia makofi, bibi mmoja akafuta machozi. Kofia nilikuwa nayo mkononi, hakuna aliyeiulizia. Mama akanipita, akamkumbatia Fintan.

"Pole, mwanangu," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Na wewe umesimama tu? Mbebee mwenzio begi. Huoni kaumia mguu?"

Fintan akanitazama, amebana kicheko. Ningesema neno moja tu, angeacha kuchechemea, na kofia yangu ingekuwa kichekesho cha mji mzima.

Nikalibeba begi.