Hipsi za Aketch

Jirani yangu Nzisa anaapa kwamba gauni la Aketch, mwimbaji wa kwaya, lilipasuka kanisani, katikati ya wimbo, kwaya nzima ikanyamaza. "Na kitambaa kilichobaki kiko wapi? Si ni wewe fundi ulikata?" aliniuliza pale kwa mfereji, mtaa wote wa Mwihoko ukisikia.

Halikupasuka. Lilikataa tu kupita kwa hipsi. Lakini hayo maneno kwamba nimeiba kitambaa yalifika Thika kabla yangu, na Ishita, mwenye duka ninaloshonea, akaniambia polepole, "Kwaya ikipeleka oda kwingine, sitakuwa na kazi ya kukupa."

Mimi hukata kwa vipimo vinavyotoka kwenye fomu ya duka ya mtandaoni. Nikamwomba Wangeci wa kwaya anionyeshe walivyoijaza. Akajaza vyake, akatuma. Kisha, bila kufunga ukurasa, akaanza vya Aketch. Ndivyo walivyofanya, simu moja kwa wanawake wote.

"Hipsi alisema ngapi?"

"Aseme mbele yetu? Tungemcheka mpaka Krismasi! Hapo niliruka."

Nikainama kuangalia. Kisanduku alichoruka kilikuwa na namba tayari. Ilikuwa yake mwenyewe Wangeci, na Wangeci ni mwembamba kama sindano.

Lenny, kijana aliyetengeneza ile fomu, alitoka Ruiru akaja. Alipoona, akashika kichwa.

"Woi! Kila namba inashikwa ndani na kitu tunaita variable. Nilipaswa kuzifuta zote mtu akishatuma, anayefuata aanze na tupu. Na ukiacha nafasi, fomu ikatae kwenda, isikuokotee ya mwenzako. Mimi niliijaribu peke yangu, nikadhani kila mtu atatumia simu yake."

"Hujui kwaya wewe," Wangeci akamwambia.

Akairekebisha palepale. Akaweka na ukurasa wa mwisho, usome vipimo vyako vyote kabla ya kutuma. Ishita akataka iandikwe pia kwamba anayeona haya aje apimwe dukani.

Kitambaa kilichobaki kilikuwa kwenye rafu, nimekikunja, jina la Aketch juu. Kinatosha kuongeza upana wa gauni kwenye hipsi. Wangeci alisema Aketch akivaa gauni lake Jumapili, kwaya haiendi popote.

Leo Aketch amekuja, mkoba umeziba tumbo. Nimevuta pazia.

"Auntie, tuko wawili tu. Naomba nikupime mwenyewe."

Anaiangalia futi ya kupimia mkononi mwangu. Mkoba ameuweka kwenye kiti, ameinua mikono.