Nyasi Alizozikatakata Odeta

Ng'ombe wa Odeta alikufa alfajiri, na kabla jua halijawa kali walikuwa wameshamfukia nyuma ya banda, pale Buhongwa. Odeta hakulia. Aliosha panga, akalirudisha mahali pake, akaenda kumtazama mtamba aliyebaki. Naye tangu jana alikuwa hajagusa chakula, na hori lao lilikuwa moja.

Bwana mifugo aliyeitwa kumkagua aliokota kipande cha shina horini, akakibinya. Kikatoka utomvu mweupe kama maziwa.

"Mama, nyasi ulikata bondeni?"

"Bondeni. Nikazikatakata, nikachanganya na pumba na molasi, wasichague."

"Ndiyo hiyo. Mmea huu ng'ombe akiunusa huupita. Wewe umemtilia sukari."

"Na huyu?"

"Akila leo, amepona. Asipokula, niite."

Shemeji yake Chenge, aliyekuja kuchimba shimo, alijifuta jasho. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, shemeji!" Alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Precious, binti wa Odeta, alikuwa ameshika jembe, macho mekundu. "Upo mwingine kwenye uzio. Naung'oa!"

Odeta alimfuata. Juu ya majani ya mmea ule viwavi wenye milia ya njano na nyeusi walikuwa wanatafuna bila wasiwasi. Ndege akashuka, akadonoa mmoja, akamtema, akapangusa mdomo kwenye waya.

"Mbona wao hawafi?" Precious aliuliza.

"Ndicho chakula chao. Sumu wanaiweka mwilini, hata wakishakuwa vipepeo. Ndege akionja, harudii." Sauti ya Odeta ilikuwa kavu, kama anayesoma bei ya chumvi. "Nilifundishwa chuoni. Nina diploma."

"Kwa hiyo tuuache?"

"Uache. Haukutembea kuja horini. Niliubeba mimi, kichwani."

Akaleta nyasi nyingine, ndefu, bila kuzikata. Alizichambua shina kwa shina, akazitia horini, akasimama. Mtamba alinusa. Akanusa tena. Kisha pua yake ikasukuma kando shina moja lililompita Odeta machoni, likaanguka chini, na ulimi ukazoa nyasi.

Odeta aliliokota. Lilikuwa linavuja maziwa. Alisubiri furaha, haikuja, wala kilio.

"Precious," akasema, "leta maji. Anakula."